Bwawa la Nyerere lijue na kalenda ya mlau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze juu ya maji ya Mto Rufiji. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka 38, nikastaafu mwaka 2019, na tangu hapo kazi yangu ni jembe, huku upande wa Mkongo, wilayani Rufiji. Nina ekari tatu za mpunga bondeni na kipande cha mlau kando ya mto nilichoachiwa na mama yangu.

Wasomaji wa Moshi au Mwanza huenda hawalijui neno mlau. Sisi Warufiji tunalima mara mbili kwa mwaka. Kilimo cha kwanza ni cha mvua: vuli ikianza kunyesha, Novemba na Desemba, tunapanda mahindi na mpunga. Mahindi tunayavuna kabla maji hayajaja. Mpunga tunauacha bondeni uyangoje, kwa sababu mpunga wetu wa asili hurefuka pamoja na maji, mradi yasipande haraka kuliko wenyewe. Masika mto hujaa, hupita kingo, hutandaa bondeni na kuingia kwenye maziwa yetu, Ruwe, Uba, Zumbi na mengineyo, ukiyajaza perege na kambale. Kisha, kuelekea mwisho wa Mei, maji huanza kurudi mtoni. Yanapoondoka huacha tope jeusi, laini, ambalo unyevu wake hudumu hadi kiangazi. Hapo ndipo tunapopanda mara ya pili. Unatoboa shimo kwa mti uliochongwa, unatia mbegu tatu, unafukia kwa kisigino, unasogea hatua moja. Mahindi, kunde, choroko, maboga, bamia. Hupati mvua wala hununui mbolea, na Septemba unavuna. Huo ndio mlau. Mwaka ambao mpunga umeharibika, ni mlau unaotuvusha.

Nimelieleza hili kwanza kwa sababu kila nikisikia watu wakizungumza juu ya bonde la Rufiji na bwawa la umeme la Nyerere, mafuriko yanatajwa kama balaa tu, kitu cha kuzuiwa. Kwetu mafuriko ni msimu. Mama yangu hakuwa akiuliza kama maji yatakuja. Aliuliza yatakuja lini, yatapanda mpaka wapi, na yatakaa siku ngapi. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu leo.

Kwenye kivuko chetu cha mitumbwi kuna mkuyu mkubwa. Tangu mwaka 1986, nikiwa na darasa la nne, nimekuwa nikiandika kwenye daftari mahali maji yalipofika kwenye mkuyu ule. Ilianza kama somo la jiografia. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda na watoto, tukasimamisha ufito wenye alama, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Watoto wale wamekuwa wazee wenzangu sasa, na mimi nikaendelea. Daftari la kwanza liliisha, la pili likaliwa na mchwa nikalinakili upya usiku kucha kwa taa ya chemli, na sasa niko kwenye la tano. Wenyeji wanausoma mkuyu hata bila daftari. Maji yakigusa mizizi mwishoni mwa Machi na kukaa wiki tatu, mlau utakuwa mzuri na mpunga utapona. Yakifika kifuani, penye kovu la tawi lililokatwa, mpunga wa bonde la chini umekwenda lakini mlau utakuwa mpana kuliko kawaida. Yakifika kwenye panda, pale shina linapogawanyika, usingoje kitu: toa watoto, toa kuku, panda juu.

Yalifika kwenye panda mwaka 1998, ile mvua ya El Niño. Yakafika tena Aprili 2024.

Kabla sijafika huko, niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Mimi silipingi bwawa. Nililisubiri maisha yangu yote ya kazi. Nilipoanza kufundisha, RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde letu iliyoundwa mwaka 1975, ilikuwa na miaka sita tu, na wataalamu kutoka Norway walikuwa wamekwishapita wakipima lile korongo la Stiegler. Nilikuwa nikiwachorea watoto ubaoni: mto huu hapa, mlima huu hapa, ukuta utasimama hapa. Miaka ikapita, RUBADA yenyewe ikavunjwa mwaka 2017, na picha ile ikabaki ubaoni. Kwa hiyo mkataba uliposainiwa Desemba 2018, na jiwe la msingi likawekwa Julai 26, 2019, mwaka uleule wa kustaafu kwangu, niliona kama nimejibiwa. Desemba 22, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ujazaji wa maji nilikaa mbele ya redio tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa mitambo yote tisa imekamilika, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Nyumbani kwangu kuna umeme. Mjukuu wangu wa kidato cha pili anasoma usiku bila kukohoa moshi wa kibatari kama nilivyokohoa mimi, na mashine ya kusaga ya jirani haisubiri tena dizeli kutoka Ikwiriri. Wanaosema sisi wa bondeni hatutaki maendeleo hawajaingia ndani ya nyumba zetu.

Ninachokitaka ni hiki: bwawa lina kalenda ya umeme, naomba liwe pia na kalenda ya bonde.

Nieleze kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Umeme haulimbikizwi kama mpunga ghalani. Unaowashwa Dar es Salaam saa mbili usiku unazalishwa saa ileile ya mbili usiku. Kinacholimbikizwa ni maji. Bwawa linashika maji ya masika ili yazungushe mitambo Septemba na Oktoba, mto ukiwa umekonda. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi nzuri. Lakini maji yale ya masika yanayoshikwa ndiyo yaliyokuwa yakipanda bondeni na kutuletea mlau. Na maji yanayotoka Septemba ndiyo yanayofunika kingo tulizokuwa tukilima wakati huo, maana zamani mto ulikuwa chini kabisa miezi hiyo. Mto umebadilishwa majira. Tena tope ambalo ndilo mbolea yetu linatuama nyuma ya ukuta, kwa kuwa maji yakisimama, tope huzama. Kilimo kinachotulisha kinategemea mambo matatu, kujaa, kurudi na kuacha tope, na bwawa linayagusa yote matatu.

Lipo pia jambo la nafasi. Bwawa huzalisha umeme kuanzia mita 163 juu ya usawa wa bahari na hujaa kwenye mita 184. Mwenye mitambo anapenda lijae, kwa sababu maji mengi na marefu ni umeme mwingi. Lakini bwawa likiwa limejaa na mvua kubwa ikaja, halina pa kuyaweka. Yanayoingia itabidi yatoke. Anayeishi chini ya ukuta angependa libaki na nafasi kabla ya masika kushika kasi. Haya ni matakwa mawili yanayovutana, na hakuna mjanja atakayeyamaliza kwa maneno. Yanahitaji watu wakae pamoja mapema, kila mwaka, wakubaliane: Februari bwawa litakuwa mita ngapi, na kwa nini.

Sasa Aprili 2024. Mvua ilikuwa nyingi tangu vuli, na wenye umri wangu tulikwishasema hii ni kama ya 1998. Mpunga ulikuwa umetoa masuke. Siku moja jioni mjukuu wangu akaja na simu, kuna barua imepigwa picha na kutumwa kwenye kundi la kijiji. Ilitoka kwenye ofisi moja, ina muhuri, na tarehe yake ni ya siku nne nyuma. Ilisema maji yanaongezwa kutoka bwawani, ikataja mita za ujazo kwa sekunde, ikataja kina cha bwawa kwa mita na desimali mbili, ikatuasa tuchukue tahadhari.

Watu walikuja barazani kwangu niwasomee. Nikasoma mara mbili, polepole. Nikaeleza mita ya ujazo ni nini: sanduku la mita moja kila upande, limejaa maji, na hapo mtoni yanapita masanduku elfu kadhaa kabla hujamaliza kusema bismillahi. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja mvuvi, ambaye mimi namwamkia shikamoo, akaniuliza, "Mwalimu, hayo maji yatafika kwenye mizizi, kifuani, au kwenye panda?"

Sikuwa na jibu. Barua ile haikuwa na jibu. Nimesomesha watu kuhesabu miaka 38 na sikuweza kumwambia mzee yule kama alale au aanze kuhamisha vyombo.

Tuligawanyika usiku ule. Wengine walipanda juu. Wengine, nami nikiwamo, tulisema tungoje asubuhi, kwa sababu mpunga ulibakiza wiki tatu na ndege walikuwa wengi, na ukiacha shamba bila mtu unakuta mabua matupu. Binti yangu alikuwa dunguni. Dungu ni kibanda chetu cha bondeni, kinasimama juu ya nguzo, urefu wa mtu mmoja na nusu, sakafu ni fito, unapanda kwa ngazi na usiku unaivuta juu. Ndiyo nyumba ya msimu wa mpunga tangu enzi za babu zetu, na imejengwa hivyo kwa kuwa maji yanatarajiwa. Saa tisa usiku akasikia fito za chini zinagongwa. Alidhani ni kiboko. Akashusha mkono kati ya fito mbili akagusa maji. Alipiga simu mara moja tu, ikazima. Tulimfuata kwa mtumbwi alfajiri tukamkuta ameketi juu ya paa, amejifunga kamba kwenye nguzo, na jogoo kifuani. Ekari tatu zote zilikuwa chini. Ile ya karibu na ziwa ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya dhahabu. Asubuhi nilikwenda kivukoni: maji yalikuwa kwenye panda.

Baada ya mafuriko yale ulizuka ubishi mkubwa nchini. Wananchi wengi wa Rufiji na Kibiti walisema bwawa ndilo lililotuzamisha. Wataalamu wakajibu kwamba bwawa lilipunguza makali, na lisingekuwapo hali ingekuwa mbaya zaidi. Daftari langu linanionyesha kwamba mto huu ulifika kwenye panda kabla ya ukuta wowote kujengwa, kwa hiyo siko tayari kulitupia bwawa mzigo wote. Lakini jibu la wataalamu hao, hata likiwa sahihi, halimhusu binti yangu juu ya paa. Yeye hakuhitaji kujua kama maji yamepunguzwa. Alihitaji kujua kwamba yatafika saa tisa usiku. Zamani mto ulipanda wenyewe na tuliusoma kwa ishara zake: rangi ya maji, magugu yanayoelea, mvua ya juu iliyonyesha siku ngapi. Sasa kuna lango, na nyuma ya lango kuna mtu anayejua leo kiasi atakachokiachia kesho. Kujua huko ni mali kubwa. Kunapaswa kutufikia kabla ya maji.

Tena si jambo gumu. Kutoka kwenye ukuta, maji hupita Mloka, yakateremka hadi huku kwetu, Utete, daraja la Mkapa, Muhoro, ndipo yaingie delta. Wataalamu wana vipimo vya mto. Waweke nguzo zenye rangi kila kijiji: kijani, njano, nyekundu. Kijani iwe ni mizizi, njano kifua, nyekundu panda. Kisha tangazo liseme: maji ya njano, Mloka kesho mchana, Utete keshokutwa usiku, yatakaa siku kumi. Msikitini litasomwa, redio itasoma, na mzee yule mvuvi ataelewa bila kuniuliza. Yako madaftari kama langu kwenye vijiji vingine, au kama hayapo, ipo miti na wapo wazee. Kuoanisha hesabu za bwawani na miti yetu ni kazi ya msimu mmoja.

Hilo ni la taarifa. La pili ni kubwa zaidi, nalo ni maji yenyewe. Masika ya 2025 maji hayakugusa hata mizizi ya mkuyu wetu. Hatukulima mlau mwaka huo. Watu wa mjini hawakulisikia, maana bonde kavu halipigwi picha. Mafuriko yana helikopta na mahema. Ukosefu wa mafuriko unaonekana Septemba, kwenye chungu. Tulinunua unga. Vijana wawili wa nyumba yangu walikwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda. Ziwa ambalo mume wangu marehemu alikuwa akivua lilikatika na mto, na samaki wasipoingiziwa maji mapya hupungua mwaka hadi mwaka.

Ninaomba gharika ya kupangwa. Kila mwaka, kati ya mwisho wa Machi na Aprili, bwawa liachie maji ya kutosha kufika kwenye mizizi, yakae wiki mbili tatu, kisha yapunguzwe taratibu, yasikatwe ghafla, ili tope litulie na samaki wadogo wapate njia. Mwaka wa ukame mkali tuambiwe mapema kwamba mwaka huu haitawezekana, tukope mbegu za mtama na kulima juu. Mwaka wa mvua nyingi, maji hayo yatolewe mapema, na hapo hapo bwawa litapata nafasi ya kupokea mengine. Hili nilitakalo kwa ajili ya mlau linasaidia pia ukuta wenyewe.

Wapo watakaosema mwalimu anataka taa zizimwe kwa ajili ya maboga. Naomba wakumbuke Machi 2024. Mtambo wa kwanza wa hapa ulikuwa umeanza mwezi mmoja tu nyuma, mvua zikawa nyingi, na vituo vingine vya umeme wa maji vikazimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi iliyokuwa kwenye mgawo miezi michache nyuma ikawa na ziada, na hapo mitambo mingi ya hapa ilikuwa bado haijaanza. Sisemi ziada itakuwapo kila siku. Viwanda vinaongezeka, reli inakula umeme, na Mungu hatoi mvua kwa mkataba. Nasema masika, wakati huohuo ambao bonde linahitaji maji, ndio wakati mabwawa yote ya nchi yanajaa. Tunachoomba tunakiomba msimu ambao maji ni mengi.

Na nchi yetu imekwishawahi kukaa mezani na kugawa maji ya umeme. Kule Kihansi, kwenye mto unaoingia Kilombero, na Kilombero ndio wenye maji mengi kuliko mito yote inayounda Rufiji yetu, kulijengwa kituo cha megawati 180 kilichokamilika mwaka 2000. Mwaka 1996 walikuwa wamegundua chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, hayupo pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka na vyura wakapungua sana. Serikali ikatega mabomba ya kunyunyizia maji gengeni, ikatenga kiasi cha maji kisichopita kwenye mitambo, na chura alipopotea kabisa porini, mwaka 2012 vyura waliozalishiwa Marekani wakarudishwa nyumbani. Nililifundisha somo hilo kwa fahari na ningelifundisha tena. Taifa lililoweza kumtafutia chura maji yake lina moyo na lina akili ya kumtafutia mkulima wa mlau ya kwake. Ninaliomba kwa imani hiyo.

Wenzetu nao wamelijaribu. Zambia, kwenye Mto Kafue, bwawa la Itezhi-Tezhi la miaka ya 1970 lilijengwa likiwa na akiba ya ziada ili kila Machi litoe mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa wiki nne, kwa ajili ya mbuga za chini zenye malisho na samaki. Utekelezaji ulilegalega kwa miaka, lakini kipengele kilikuwapo kwenye ramani tangu mwanzo, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa. Kwenye bonde la Mto Senegal, bwawa la Manantali nchini Mali limewahi kuachia gharika ya makusudi kwa ajili ya wakulima wa chini, ambao wanalima vilevile kama sisi, maji yakirudi mtoni. Nilipolisoma hilo nilimwita jirani yangu nikamwambia, dada, kumbe tuna ndugu zetu wa mlau huko Afrika Magharibi.

Kuna jibu moja ambalo tumepewa tena na tena: hameni bondeni. Tuliambiwa baada ya 2024, na waliosema walisema kwa huruma. Lakini mimi nimekwishahamishwa mara moja. Mafuriko ya 1968 yalipopita, ikaja Operesheni Rufiji, watu wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya juu. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka mama amebeba kinu kichwani na mdogo wangu mgongoni, na baba anarudi nyuma kutazama miembe. Huko juu tulipata shule, ndiyo iliyonifanya mwalimu, na zahanati, na nashukuru. Ila ardhi ya juu ni mchanga. Mwaka wa pili tu wazazi wetu walikuwa wakiteremka asubuhi kwenda bondeni kulima, na msimu wa mpunga wanalala kwenye madungu. Wameteremka tangu hapo hadi leo. Watu tulikwishahama zamani, Mhariri. Kilichobaki bondeni ni chakula, na chakula hakihamishiki.

Niwataje pia wa delta, ingawa wenyewe wanajua kusema kuliko mimi. Dada yangu ameolewa huko, Kibiti upande wa mikoko. Wao wanahitaji maji baridi ya mto yasukume maji chumvi nyuma. Mto ukikonda wakati wa masika, chumvi inapanda kwenye majaruba. Kamba wanaovuliwa huko wanakulia pale maji mawili yanapokutana. Kila nikimpigia simu siku hizi swali lake la kwanza ni moja: huko juu mto vipi?

Nimehudhuria mikutano miwili kuhusu bwawa. Mmoja ulikuwa wa kutoa elimu, tukaelimishwa. Wa pili ulikuwa wa kutoa pole, tukapewa pole. Sijawahi kuitwa kwenye mkutano wa kupanga. Asiyekuwapo na lake halipo. Maji yanapangwa kila wiki na watu fulani mahali fulani, na ninaomba kwenye meza hiyo viwepo viti vitatu: cha mkulima wa mlau, cha mvuvi wa maziwa ya bondeni na cha mtu wa delta. Wakae na wahandisi kabla ya Januari ya kila mwaka, kisha tena Machi mvua zikishajulikana. Hatutawafundisha kazi ya mitambo. Tutawaambia mpunga una majani mangapi, mahindi yamevunwa au bado, na madungu mangapi yana watu.

Madaftari yangu matano yako nyumbani, kwenye sanduku la bati juu ya dari, nimeyafunga kwa nailoni. Yana Jumamosi zote tangu 1986, isipokuwa wiki sita za mwaka 1991 nilipojifungua na siku nne za Aprili 2024 ambapo kivukoni hapakufikika. Mhandisi yeyote atakayetaka kuyaona akiuliza Mkongo nyumba ya mwalimu wa maji ataletwa. Ila asije Ijumaa mchana. Na akija Machi, nitampeleka kwenye mkuyu na kumpa ufito ashike mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Mkongo, Rufiji.